Kabla hamjalipia meli ndogo ya Nile

Juzi mama mmoja wa Sakina, Arusha, alinitumia ujumbe. Yeye na mzee wake wamestaafu ualimu, watoto wamewachangia hela, na wanataka kusafiri kwa meli ndogo kwenye mto Nile. Aliandika: "Mwanangu, wenye meli wametutumia makaratasi mengi, hatujui lipi ni la maana. Halafu kuogelea hatujui. Tutawezana na hiyo safari kweli?"

Shikamoo mama. Mtaiweza, tena vizuri. Nimekujibu pembeni, lakini najua mko wengi mnaowaza safari ya namna hii na mnaona aibu kuuliza, kwa hiyo nayaandika hapa wote msome.

Mimi ni mtu wa Moshi, na kazi yangu ni kupokea wageni wa mlima. Jioni kabla hawajapanda, nakaa nao hotelini nawapa brifingi: begi la kubebwa na mpagazi liwe laini na lisizidi kilo 15, dawa zako zikae kwenye begi la mgongoni, ukiumwa kichwa usifiche. Nimeona kwa macho yangu kwamba mgeni aliyesoma maelekezo akiwa bado kwao hufurahia safari, na asiyesoma huhangaika mpaka siku ya mwisho. Ndiyo sababu nilipoanza kupeleka Watanzania wenzangu Misri nilijua pa kuanzia.

Lakini haikuwa rahisi. Kwenye kikao kimoja cha watu wa utalii pale Arusha nilieleza nia yangu, na mtu ninayeiheshimu biashara yake akasema mbele ya wote kwamba Mswahili akipata hela ananunua kiwanja, hapandi meli ya starehe. Watu wakacheka. Sikujibu, ila neno lile lilinikaa rohoni na bado lipo. Baadaye wakala mmoja wa nje alitaka tulipe hela yote miezi mingi kabla ya safari, wakati wageni wa nchi nyingine wanatanguliza sehemu tu. Niliandikiana naye mpaka akatupa masharti yaleyale ya wengine. Mwezi uliopita kundi la watu wa Moshi na Arusha limerudi kutoka Aswan, mji wa kusini mwa Misri, wazee kwa vijana, Waislamu kwa Wakristo, na wote wanauliza tunakwenda wapi tena. Naona fahari, na sitaificha.

Sasa tuje kwenye meli yenyewe. Kati ya Luxor na Aswan kuna meli za aina mbili. Zipo zile kubwa za ghorofa, ambazo bandarini hufungwa ubavu kwa ubavu, hata ukitaka kushuka unapita ndani ya sebule za meli za jirani. Na ipo dahabiya, chombo cha tanga mbili chenye vyumba vichache, mara nyingi visivyofika hata kumi. Mimi napeleka watu kwenye dahabiya. Nyingi huanzia Esna, mji ulio kati ya Luxor na Aswan, kusini ya lango la maji la kupandishia na kushushia meli, ambapo zile kubwa hupanga foleni zikisubiri kuvushwa. Upepo wa pale huvuma kutoka kaskazini, kwa hiyo tanga linakusukuma kuelekea kusini wakati mto wenyewe unashuka kaskazini. Upepo ukikata, kuna boti ya injini inayovuta. Na kwa kuwa dahabiya ni ndogo, inatia nanga mahali ambapo zile kubwa hazisimami, kama Gebel el-Silsila, kwenye machimbo ya mawe ambako Wamisri wa kale walichonga mawe ya kujengea mahekalu yao. Mnashuka pale mko peke yenu, hakuna umati.

Udogo huo ndio unaotaka umakini. Hakuna duka ndani, hakuna zahanati, na daktari hayupo. Ulichosahau umekisahau. Kwa hiyo yale makaratasi mliyotumiwa, mama, yasomeni yote, kisha andikeni maswali mtume kabla hamjalipa. Bei ni ya kila mtu mkiwa wawili chumbani? Mjane au mseja anayelala peke yake huongezewa hela, na huambiwa mwishoni asipouliza. Jenereta inazimwa usiku? Kama inazimwa na wewe unatumia mashine ya kupumulia, hilo ni jambo kubwa. Ngazi za kwenda vyumbani zina mwinuko gani? Tuna mzee mwenye magoti mabovu, chumba kisichohitaji kushuka ngazi kinapatikana? Ukiuliza mapema, nahodha na wapishi wanakupangia. Ukiuliza mkiwa katikati ya mto, watakuhurumia tu.

Kuogelea si sharti. Siku ya kwanza mnaonyeshwa majaketi ya kuokolea yalipo na namna ya kuyavaa. Simameni, vaeni, msione haya. Mawimbi kama ya bahari hakuna, kwa hiyo kichefuchefu si tatizo la kuwatia hofu. Wapo wageni wanaojitosa mtoni kuoga, lakini mtu yeyote anayejua kichocho cha Ziwa Victoria anajua pia kwamba maji yaliyotulia kando ya mto ni ya kuepuka. Maji ya kunywa yawe ya chupa.

Dawa. Hapa nataka mnisikilize sana. Misri ni wakali kuhusu dawa za maumivu za kundi la tramadol, na kuna watalii waliofungwa kwa sababu hiyo. Ukiwa na dawa yoyote ya kudumu, ibebe kwenye pakiti yake pamoja na barua ya daktari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti. Bima ya safari iwe inalipia kusafirishwa mgonjwa, si kutibiwa tu, maana kutoka kijijini kandokando ya Nile mpaka hospitali kubwa ni mwendo. Na nyie vijana wa Arusha mnaopiga video za mbugani, drone iacheni nyumbani. Misri hairuhusiwi kuiingiza bila kibali, utanyang'anywa uwanja wa ndege.

Soketi zao ni za pini mbili za duara, chaja zetu za pini tatu haziingii, nunueni adapta. Nguo nyepesi za kufunika mabega na magoti, kofia, na sweta. Ndiyo, sweta! Watu wanadhani jangwani ni joto tu, lakini usiku wa Desemba na Januari mtoni una baridi ambayo mtu wa Moshi wa mwezi wa saba ataitambua. Kiangazi ni kinyume chake, Aswan hupita nyuzi 40, na wazee msiende wakati huo. Mwezi wa kumi na moja au wa pili ndio ninaowashauri mimi.

Chakula hakina shida. Maharage yao ya ful asubuhi yanashibisha, na mlo wa molokhia, mtu wa kwetu akiuonja anasema huu ni mlenda. Wenzetu Waislamu hawana wasiwasi wa halali, na mwenye kufunga Kwaresima amwambie mpishi mapema.

Viza ombeni ubalozini Dar es Salaam mapema, pasipoti ikiwa bado na muda wa kutosha. Kutoka KIA mnaweza kupitia Addis Ababa hadi Cairo, kisha ndege ya ndani ya kama saa moja mpaka Luxor. Mahekalu mengi sasa hayapokei pesa taslimu getini, kwa hiyo muwe na kadi ya benki inayofanya kazi nje, na benki muiarifu kabla ya kuondoka. Noti ndogondogo za pauni za Misri zinahitajika kwa bakshishi. Ya wahudumu wa meli hukusanywa siku ya mwisho kwa pamoja, kila mtu kwa uwezo wake. Nasi tuliozoea kupokea tipu mlimani tusiwe wagumu kuitoa.

Jambo moja watu wetu hulisahau: Abu Simbel. Lile hekalu la Ramses wa Pili, ambalo kati ya mwaka 1964 na 1968 lilikatwa vipande na kupandishwa juu lisizamishwe na maji ya bwawa la Aswan, liko kilomita karibu 280 kusini ya Aswan, na mara nyingi halimo kwenye bei ya meli. Gari huondoka kabla hakujapambazuka. Mama, mwambieni wakala aandike kwenye mkataba kama limo au halimo, na kama halimo, bakini Aswan siku moja zaidi mwende.