"Mtu mwenye shaka" ni nani hasa?

Swali la leo limetoka kwa katibu wa plot moja huku Nakuru. Anaandika: "Mwalimu, habari ya kazi. Nilibandika notisi kwa geti nikaandika, 'Ukiona mtu mwenye shaka karibu na magari ama tangi la maji, mwambie soja mara moja.' Mzee mmoja wa nyumba za chini akacheka sana, akasema basi soja aanze na yeye kwa sababu shaka anayo nyingi kuhusu bili ya maji. Mimi nilitaka kusema mtu 'suspicious'. Nimekosea wapi na ningeandika nini?"

Ndugu katibu, huyo mzee amekushika pazuri na mimi niko upande wake, wa lugha lakini, ya maji mtamalizana huko. Mwenye nyumba ndiye nyumba ni yake, mwenye njaa ndiye anasikia njaa, sasa mwenye shaka ni yule shaka imemkaa moyoni, yaani yeye ndiye haamini wengine, na wewe ulitaka yule ambaye wengine hawamwamini. Shida imeanzia kwa hilo neno la Kizungu lenyewe, maana linaenda pande zote mbili: bibi anayechungulia simu ya mumewe ni "suspicious", na mume anayetoka nje kupokea simu saa nne usiku pia ni "suspicious", neno ni hilo hilo moja. Kiswahili hakikuachii hiyo nafasi, lazima useme nani anamshuku nani, na ndiyo sababu ukitafuta kivumishi utazunguka sana na kumbe kitenzi kiko hapo kinakungoja. Bibi anashuku, mume anashukiwa, mambo kwisha.

Ukitaka Kiswahili cha ofisi kuna "mtu wa kutiliwa shaka" ama "mtu anayeshukiwa", yote ni sawa na mwalimu wa mtihani hawezi kukukata maksi. Lakini kwa geti? Mimi ningeandika, "Ukiona mtu humjui anazungukazunguka kwa magari ama tangi, mwambie soja." Soja akiambiwa tu kuna mtu wa kutiliwa shaka bado hajui aangalie nini, mmoja atatafuta mwenye kofia, mwingine atasimamisha kijana wa watu ameleta gesi. Na watu wenyewe wakiongea hawasemi hivyo, wanasema "huyu jamaa simwelewi" na kila mtu anageuka kuangalia.

Hapo kwa "kutiliwa" nikae kidogo kwa sababu wengi wanachanganya tia na tilia. Kitu ndicho kinatia shaka, mtu ndiye anakitilia. Umepata ile meseji ya "nimetuma pesa kwa namba yako kimakosa nirudishie tafadhali" na ukiangalia salio lako halijasonga hata shilingi: hiyo meseji inatia shaka, wewe unaitilia shaka, na meseji yenyewe ni ya kutiliwa shaka. Ukisema "meseji ina shaka" tumerudi kwa geti lako, meseji haina moyo wa kushuku mtu. Na pale shaka inapoanza tu, kabla hujajua ni nini, tunasema umeingiwa na shaka, ama kwa mdomo wa mtaani, machale yamekucheza. Hiyo ya machale mimi naipenda kuliko zote, inabeba ile hali ya mwili kukuambia ondoka hapa na hujui sababu.

Kuna mtego mwingine, wa shuku na shuka. Ukivifanya vyote viwili viwe vya kutendewa vinaishia mahali pamoja, kushukiwa. Kanisani wanasema fulani ameshukiwa na Roho, kwa redio wanasema fulani anashukiwa na polisi, na hao polisi wakimfikia kwa ghafla tena wamemshukia! Msikilizaji anajua tu kwa maneno ya pembeni, kwa hivyo ukiandika "alishukiwa na majirani" ongeza kitu, alishukiwa kuwa ameiba, alishukiwa kwa wizi, usiache ikining'inia.

Wasiwasi si shaka, ingawa tunavipeleka pamoja. Nikiwa na wasiwasi na fundi naogopa labda hatamaliza kazi, nikimshuku naona anapunguza simiti. Na mtu ambaye aliumia zamani sasa anaogopa kila kitu kinachofanana, huyo hata usimtafutie neno moja, methali iko: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huku bara wengi hawajaona ung'ongo, ni kitu chembamba kirefu kinatoka kwa majani ya jamii ya mnazi, ukikiona kwa giza unaruka. Mashaka nayo ni hadithi nyingine, inaweza kuwa shaka nyingi na inaweza kuwa taabu, na hizo taabu wanaojua Kiarabu watakwambia zilitoka kwa neno lingine kabisa likaja kufanana na hili letu, ndiyo maana mtu akikwambia amepitia mashaka humuulizi anamshuku nani.

Umeuliza pia chini kabisa ya barua kama mtu akishikwa na kamera usiku mnaweza kubandika picha yake mwandike "mwizi". Kwa lugha, hapana. Akishukiwa ni mshukiwa, hilo ndilo utalisikia sana kwa habari za Kenya, Tanzania wanapenda zaidi mtuhumiwa, akipelekwa kortini asomewe mashtaka anakuwa mshtakiwa, na mwizi utamuita baada ya korti kusema. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe, kwa hivyo andika "mshukiwa", na hata hiyo picha muulize wakili kwanza kabla ya kuibandika.