Taasisi nyingine zinataka kusoma data yetu: tuwaruhusu vipi?

SWALI: Ndugu mhariri, taasisi yetu hutunza data ya utafiti wa afya kwenye hifadhi ya wingu. Sasa taasisi nyingine tatu, kila moja ikiwa na mfumo wake wa wingu, zinahitaji kuisoma. Fundi wetu anashauri tuzipe jina la mtumiaji na nenosiri moja la pamoja ili kazi ianze mapema. Je, ni salama? Na ushirikiano ukiisha, tutawaondoaje?

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri huo ukataeni, hata kama kazi itachelewa. Nenosiri likishatumiwa na watu wa taasisi tatu, kumbukumbu za mfumo wenu zitaonyesha jina lile lile kwa kila faili litakalofunguliwa, na siku taarifa za mgonjwa zitakapoonekana mahali zisipostahili, hamtakuwa na namna ya kujua zimepitia kwa nani. Tena, mtumishi wa upande wa pili akiacha kazi, nyinyi hamtapata habari, naye ataendelea kuingia hadi mtakapolibadili nenosiri kwa wote.

Tenganisheni mambo mawili ambayo wengi huyachanganya, yaani kumtambua mtu na kumruhusu. Kumtambua kuwe kazi ya taasisi iliyomwajiri, kwa sababu ndiyo inayomjua na ndiyo itakayofunga akaunti yake akiondoka. Kumruhusu kuwe mikononi mwenu, mlio wenye dhamana ya data. Viwango vya kuunganisha mifumo ya namna hii vipo siku nyingi, kama SAML 2.0 cha mwaka 2005: mtafiti huingia kwa akaunti ya kwao, mfumo wa kwao huthibitisha kwa saini ya kidijitali kwamba ndiye, kisha mfumo wenu humpa kibali cha muda kulingana na masharti mliyoweka. Katika wingu la Amazon, kwa mfano, kibali cha kutumia wadhifa (yaani fungu la ruhusa) mliomwekea mtu wa akaunti nyingine huweza kupangiwa muda wa kuanzia dakika 15 hadi saa 12, na muda huo ukiisha, hakifanyi kazi tena.

Kila kibali kijibu maswali matatu: kinafungua nini, kinaruhusu kufanya nini, na kinakoma lini. Mwaka 2023 kampuni ya usalama ya Wiz ilieleza tukio ambalo ningependa kila msimamizi wa mifumo alijue. Watafiti wa Microsoft walikuwa wameweka kwenye GitHub, tovuti ya kushirikishana programu, kiungo cha kupakua modeli za akili mnemba, kiungo ambacho ndani yake kilibeba tokeni, yaani msimbo unaotumika kama ufunguo, ya kufikia hifadhi yao ya wingu. Badala ya kufungua modeli hizo peke yake, tokeni ile ilifungua akaunti nzima ya hifadhi, terabaiti 38 za data, zikiwemo nakala za kompyuta za wafanyakazi wawili. Aliyekuwa na kiungo aliweza pia kuandika na kufuta, ingawa lengo lilikuwa watu wapakue. Na tarehe ya ukomo wake ilikuwa mwaka 2051. Hakuna mlango uliovunjwa hapo. Maswali yote matatu yalijibiwa kwa ulegevu mno.

Kuhusu kuwaondoa, hapa ndipo penye ugumu. Kibali mnaweza kukifuta kwa dakika chache, japokuwa tokeni iliyokwisha kutolewa huenda ikafanya kazi hadi muda wake uishe, ndiyo maana nasisitiza muda mfupi. Lakini nakala iliyokwisha kupakuliwa hairudi. Kwa data ya afya, mimi ningewataka washirika waje kufanya uchambuzi ndani ya mfumo wenu na kuondoka na majedwali ya matokeo, na pale inapolazimu data yenyewe kutoka, majina na namba za wagonjwa ziondolewe kwanza. Kila kibali kiwe pia na mtu wa kwenu anayekisimamia, ambaye ushirikiano ukifika tamati ndiye atakayeulizwa kama kimefungwa.

SWALI: Data yetu yote imesimbwa kwa njia fiche. Je, bado tunahitaji taratibu hizo?

JIBU: Mnazihitaji. Usimbaji wa data iliyo kwenye hifadhi, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo, huwazuia wanaoiba diski au kuingia hifadhini kwa njia za pembeni. Mwenye kibali husomewa data ikiwa imekwisha kufumbuliwa, awe amekipewa kwa haki au kimemwangukia mikononi. Usimbaji utawasaidia zaidi iwapo ufunguo wake mnausimamia wenyewe, kwa kuwa mkiuzima, data iliyobaki kwenye hifadhi yenu haitasomeka kwa mshirika yeyote, hata kama kuna kibali mlichosahau kukifuta.