Kumtetea mwanafunzi kwenye daladala

Mdogo wangu, unauliza kama ulikosea kumtetea mwanafunzi aliyesukumwa na konda mlangoni, maana abiria walikuita kiherehere. Hukukosea hata kidogo!

Desemba 2015, kule Mandera, Kenya, magaidi wa al-Shabaab walivamia basi wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake wa Kiislamu waliwagawia wenzao Wakristo hijabu zao wajistiri, wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa Waislamu waliokataa, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Kila nikimkumbuka nakosa la kusema.

Ila kumkunja konda shati, hapo uliteleza, na mtoto angeweza kuumia. Siku nyingine simama katikati yao, mshike mtoto mkono apande, kisha taja namba ya gari kwa sauti, wote wasikie.