Gemu zinafundisha, au ni kisingizio?

SWALI: Shikamoo anti. Nafundisha sekondari hapa Kongwa. Wanafunzi wangu wakitoka darasani wanajazana kwenye kibanda cha gemu. Nasikia zipo gemu za kuelimisha jamii. Ni kweli? – Mwalimu, Kongwa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Zipo. Mwaka 2005 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitoa Food Force, ambamo mchezaji anapeleka msaada kwenye kisiwa chenye njaa. Mimi naipenda zaidi Darfur is Dying ya 2006: unachagua mmoja wa familia iliyo kambini baada ya kukimbia vita vya Darfur, Sudan, aende kuchota maji huku akiwakwepa wanamgambo. Akikamatwa, ndiyo basi. Mtoto wa Kongwa aliyebeba ndoo tangu darasa la pili hahitaji kufafanuliwa. Uamuzi ni wake, na hasara ni yake, hotuba haiwezi hilo (na sisi Dodoma hotuba tunazo!).

Kompyuta hamna? Chukua boksi, chora kijiji chenye kisima kimoja, ng'ombe na mashamba ya mtama. Vifuniko vya soda ndiyo maji. Wagawane wenyewe, wagombane, kisha uwaulize nani alikosa na nani aliamua akose.