Msimamizi anataka nifute jedwali

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma uzamili wa kilimo. Mahindi yangu niliyotia nusu ya mbolea yamezaa sawa na yaliyopata kipimo kamili. Msimamizi anasema nimekosea, nifute jedwali la sura ya nne. Uhuru wa taaluma haunilindi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifute. Mimi niliwahi kufuta langu, kwa woga tu, na hadi leo linanikera.

Lakini na hilo neno uhuru usikimbilie kulitumia kama fimbo. Azimio la Dar es Salaam la 1990, la wanataaluma wa vyuo vya Tanzania, lilitaja uhuru wa taaluma pamoja na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Na wajibu wa kwanza ni kupima tena.

Unamjua Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba, aliona nafasi kwenye friza inakwisha, akaingiza mchanganyiko wake wa aiskrimu ukiwa bado moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa baridi. Alipouliza baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mmoja akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Darasa zima likapata la kumtania.

Kisha, hapo hapo Mkwawa, alimuuliza swali lile lile Denis Osborne, mhadhiri aliyetoka Dar es Salaam. Wanafunzi wakacheka. Osborne mwenyewe alidhani kijana kakosea, ila aliporudi chuoni alimpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaja na taarifa: maji ya moto yametangulia kuganda, lakini tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi! (Huyo fundi na msimamizi wako ni ndugu.) Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka 1969.

Na haikuishia hapo. Mwaka 2016 watafiti wengine walipima upya, wakasema ushahidi hautoshi. Hakuna aliyemfutia Mpemba jedwali lake. Walileta vipimo vyao.

Sasa wewe. Una msimu mmoja tu, na hujaniambia shamba hilo mwaka jana lilikuwa na nini. Kama lilimwagwa samadi au lilikuwa na maharage, udongo ulikuwa umeshiba kabla hujafika, na nusu yako si nusu. Kamuulize mlinzi wa shamba, hao hukumbuka kuliko makaratasi. Kisha mwambie msimamizi kwa adabu kwamba jedwali linabaki, na chini yake utaandika mashaka yake yeye na jibu la mlinzi.