Mbona ulingo wa pembe nne huitwa "ring"?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma na nimecheka. Kumbe huko kazini kwenu Kisumu mnabishana hadi chai inapoa! Unauliza: ulingo wa ndondi una pembe nne, mbona Kiingereza kinauita "ring", neno la pete na mviringo? Mwenzako anasema Waingereza walikosea tu. Hawakukosea.

Mviringo huo ulikuwa wa watu. Unakumbuka wanafunzi wakipigana nyuma ya madarasa? Hakuna anayewapanga watazamaji, lakini kufumba na kufumbua wamefanya duara. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza zamani, wanaume wakizichapa ngumi kavu uwanjani, pesa za kamari zikiwa mikononi mwa watu. "Ring" lilikuwa ni lile duara la watazamaji wenyewe. Taabu ni kwamba ukuta wa watu una mikono na miguu. Yule uliyemwekea pesa akizidiwa, utakaa kimya kweli? Watu walivamia, mapambano yakavurugika. Basi vikapigwa vigingi, zikafungwa kamba, na kamba ikivutwa toka kigingi hadi kigingi hunyooka. Vigingi vinne, pembe nne. Kanuni za ndondi za London za 1838 zilitaka mraba wa futi 24 wenye kamba mbili. Zile za Queensberry za 1867, zilizoleta glavu na raundi za dakika 3, ziliacha futi 24 na jina vilevile.

Ukishajua hilo, utaelewa pia ule msemo wa Kiingereza wa kurusha kofia ulingoni, yaani kutangaza kwamba unaingia kwenye kinyang'anyiro. Mwanzoni mwa karne ya 19, aliyetaka kupigana alirusha kofia yake katikati ya duara. Katika zile kelele, nani angemsikia akijitangaza? Kofia ilionekana na wote. Theodore Roosevelt aliutumia msemo huo mwaka 1912 alipotaka tena urais wa Marekani, na mpaka leo magazeti yetu ya Kiingereza huwarushia kofia wanasiasa kila uchaguzi ukikaribia, hata wasiovaa.

Sisi wa Nakuru tuliomshangilia bondia Philip Waruinge, medali ya shaba ya Olimpiki 1968 na ya fedha 1972, tunasema "ulingo" bila kufikiri. Lakini nyanyako angekwambia ulingo ni jukwaa la shambani, anapokaa mtu kuwafukuza ndege wasimalize mtama. Mimi naona Kiswahili kiliangalia ule urefu kutoka chini, mabondia wakiwa juu na sisi tumeinua shingo. Kiingereza kikawaangalia waliozunguka. Kamba hazikuhesabiwa na lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Mwenzako akibisha bado, mwambie anipigie simu jioni, si saa ya taarifa ya habari. Mamako anakusalimu, na anauliza kama utakuja mwisho wa mwezi.

Babako