Kozi ipi ya udula inanifaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Mombasa na ninaishi Minneapolis, Marekani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasindikiza akina mama wa kwetu hospitalini wanapokwenda kujifungua, na sasa ninashauriwa nisomee kazi ya dula. Kuna kozi ya kawaida ya siku chache, na nyingine ya miezi kadhaa inayoendeshwa na wanawake weusi na kusemwa kuwa inafuata mila zetu. Je, tofauti ipo kweli, au ni jina tu?

JIBU: Dada yetu, tofauti ipo, ingawa haiko pale unapoitafuta.

Dula, kwa wasiolijua neno hili, ni mtu anayekaa na mjamzito kabla ya uchungu, wakati wa uchungu na baada ya kujifungua. Yeye si mkunga: hapimi njia, hatoi dawa, wala hakati kitovu. Humkanda mzazi mgongo, humnywesha maji na humfafanulia yanayosemwa chumbani. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, uliokusanya majaribio 26, ulionyesha kwamba wanawake wanaopata msaada wa namna hii bila kukatizwa huelekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida kuliko wasioupata.

Hayo utafundishwa katika kozi zote mbili. Kozi ile ndefu, ikiwa ya kweli, huongeza jambo ambalo kozi fupi hulipita juu juu. Mwaka 2023, vifo vya uzazi miongoni mwa wanawake weusi wa Marekani vilikuwa 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, na miongoni mwa weupe 14.5, na pengo hilo halizibwi na shahada wala mshahara mnono. Kwa hiyo wanafunzi huzoezwa matukio yenyewe: mzazi wa siku tatu anasema kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli, anaambiwa ni uchovu, dula afanye nini? Humsaidia kurudia malalamiko yake bila kuona haya, na kuomba yaandikwe katika faili. Huko pia hufundishwa habari za wakunga weusi wa Kusini mwa Marekani, kama Margaret Charles Smith wa Alabama, ambao sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1976 ilianza kuwafungia njia.

Hata hivyo, neno “mila” usilimeze zima. Kansas City lipo shirika liitwalo Uzazi Village, na jina hilo linatupendeza sote, lakini mila za Wamarekani weusi si lazima ziwe zako. Arobaini, mkaja, maji ya moto na uji wa pilipili manga pengine wewe ndiye utakayewaeleza walimu. Kozi nzuri itakupa nafasi hiyo, na itakuambia pia lini mkaja usifungwe, hasa kwa aliyepasuliwa.

Kabla ya kulipa ada, uliza kama cheti chao kinakubaliwa katika rejista ya madula ya Idara ya Afya ya Minnesota, kwa sababu Medicaid ya jimbo hilo, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inayowalipa madula tangu mwaka 2014, huwataka wawe wamesajiliwa. Na ukishaanza kazi, usikubali kugeuzwa mkalimani wa daktari. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumletea mgonjwa mkalimani bila malipo. Wewe mkono wako uwe mgongoni mwa mzazi.